Maji Yanayochemka Bila Kuni

Mara ya kwanza nilipofika Ziwa Bogoria nilikuwa na yai ndani ya soksi. Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametuagiza kila mmoja aje na yai bichi, kalamu na daftari. Sitaki kukudanganya, daftari sijui liliishia wapi, lakini yai nalikumbuka vizuri. Nililifunga kwenye soksi safi lisije likapasuka ndani ya basi, na kutoka Nakuru hadi Mogotio, tukapita mashamba ya mkonge, tukapita bango la ikweta, tukateremka joto likizidi hadi Marigat, mkono wangu ulikuwa juu yake kama kuku anayeatamia.

Tulifika Loburu, ukingo wa magharibi wa ziwa, jua likiwa la utosi. Kwa mbali tuliona mvuke ukipanda kutoka ardhini kana kwamba kuna mtu amechoma takataka. Tulipokaribia tukasikia mngurumo, kisha maji yakaruka juu kutoka kwenye mwamba, yakapita kimo cha mwalimu, yakaanguka, yakaruka tena. Wasichana walipiga mayowe. Sisi wavulana tulipiga mayowe pia, ila tulijifanya ni ya furaha. Mwalimu alikusanya mayai yetu, akayatia kwenye wavu wa vitunguu, akaufunga wavu kwenye fimbo ndefu na kuutumbukiza kwenye kidimbwi kilichokuwa kikitokota. Akatazama saa. Baada ya muda tukala mayai, chumvi tukiwa tumebeba kwenye kipande cha gazeti. Kisha tukaandika: chemchemi za maji moto ni kivutio cha watalii. Jioni tukarudi nyumbani.

Nilipata alama nzuri katika mtihani ule. Swali lilitaka tutaje vivutio vitatu vya watalii katika Bonde la Ufa, nami nikaanza na Bogoria. Hakuna aliyetuambia kwamba mahali pale palikuwa na watu.

*

Mwaka jana nilirudi, mtu mzima sasa, nikiwa na mayai mawili niliyonunua Marigat. Barabara ni ile ile ila kingo zake zimebadilika. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa na miradi ya kuzuia jangwa, umesonga kila mahali hadi huoni tena mbuzi, unasikia kengele tu. Hii ni nchi kame. Mvua ikikosa, mito inabaki mchanga, na watu wanachimba visima kwa mikono humo humo kwenye mchanga. Ndiyo maana mtu akikwambia kwamba katikati ya ukame huu kuna mahali maji yanabubujika usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi, na kwamba huwezi kuyanywa wala kuyagusa, unaweza kudhani anakutegea kitendawili.

Nilimpata mzee mmoja wa kunionyesha njia. Alikuwa amevaa koti zito licha ya joto lile, na kofia ya chama ambacho kilishakufa. Nilimsalimia kwa Kikalenjin changu cha kuokoteza, akacheka, akajibu kwa Kiswahili.

"Mzee," nikamuuliza, "zile chemchemi kubwa ziko wapi? Si zilikuwa hapa?"

Alinyoosha fimbo yake kuelekea ziwani. Mbali kidogo na ukingo, maji yalikuwa yakitikisika kama sufuria ya uji.

"Ziko pale. Hazijaenda mahali. Ni ziwa imekuja juu yao."

*

Kabla ya historia ya watu, historia ya maji.

Ziwa Bogoria ni ziwa refu na jembamba, lenye urefu wa takriban kilomita 17. Kaunti ni Baringo, na ikweta iko kusini kidogo. Upande wa mashariki limeegemea ukuta wa Siracho, mteremko mkali uliotokea ardhi ilipopasuka na kipande kimoja kikazama huku kingine kikibaki juu. Bonde la Ufa lote limejengwa kwa mipasuko ya namna hii. Mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu hupenya chini kupitia nyufa, ikashuka hadi kwenye miamba yenye joto kali, kwa sababu hapa ganda la dunia limekuwa jembamba na moto wa chini uko karibu. Maji yakishapashwa moto hutafuta njia ya kurudi juu, na nyufa zile zile humpa njia. Pale yanapopata tundu jembamba, mvuke husukuma kutoka chini hadi maji yanaruka. Pale tundu linapokuwa pana, yanatokota tu kwa utulivu, na huo utulivu ndio hatari zaidi.

Kandokando ya Bogoria kuna takriban chemchemi 200 za aina hii. Zina majina: Loburu, Chemurkeu, Koibobei na nyingine. Nyingine zina joto la kuoga. Nyingine zinapita nyuzi 95 za selsiasi, na kwa kimo hiki cha karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa hayajafika 97. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema maji ya Loburu yanachemka, hatii chumvi. Yanachemka kweli, bila kuni, bila makaa, bila gesi.

Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayanywa, na madini yanabaki. Ndiyo maana lina magadi mengi kiasi kwamba samaki hawaishi humo. Kinachoishi ni mwani wa kijani wa hadubini, na mwani huo ndio chakula cha flamingo wadogo, ambao mwaka wa neema hujaa hapa hadi ukingo wote unaonekana waridi. Huku ng'ambo ya barabara, safari fupi tu, Ziwa Baringo lina maji baridi, lina samaki, lina mamba na viboko. Maziwa mawili majirani, tabia mbali kabisa, kama ndugu wa tumbo moja waliolelewa na shangazi tofauti.

Nilimweleza mzee haya yote, nikijiona msomi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni ya shule," alisema. "Sisi tuliambiwa ingine."

*

Aliyoambiwa yeye ndiyo yaliyoandikwa baadaye kwenye hukumu ya kimataifa, na nadhani ni mara chache sana simulizi ya kando ya moto imefika mbali hivyo. Waendorois, ambao ni sehemu ya jamii kubwa ya Wakalenjin, husimulia kwamba babu yao mkuu, Dorios, alishuka kutoka mbinguni na kukaa katika msitu wa Mochongoi. Watu wakaongezeka, mifugo ikanona, na kwa kunona huko wakalewa raha. Wakapita kiasi. Mungu akakasirika, na usiku mmoja ardhi ikazama na maji yakajaa pale walipokuwa. Waendorois wa leo ni uzao wa familia zilizonusurika.

Kwa hiyo ziwa hili si mandhari kwao. Ni makazi ya wafu wao wote. Sala zilifanywa kandokando yake, tohara zilifanywa karibu nalo, na kila mwaka familia zilikusanyika kwa sherehe. Na zaidi ya ibada palikuwa na maisha ya kila siku. Ng'ombe walipelekwa kulamba chumvi ardhini. Dawa za miti zilichumwa kwenye mteremko. Mtu mwenye maumivu ya mgongo alikaa karibu na mvuke, amejifunika, hadi jasho limtoke.

"Mama yangu alikuwa anaketi pale," mzee alinionyesha tena yale maji yanayotikisika. "Asubuhi, kabla jua itoke. Anakuja na sisi watoto, anatuambia msikanyage mahali peupe. Peupe ni ngozi tu. Ukikanyaga umeingia."

Ni kweli. Kando ya chemchemi, madini yaliyoganda hufanya ukoko mweupe unaofanana na sakafu. Chini yake ni maji yanayochemka. Bango la onyo linasema hivyo kwa maandishi makubwa. Mama yake alisema vivyo hivyo bila bango.

*

Misafara ya pwani ilifika pande hizi katika karne ya 19, ikitafuta pembe za ndovu. Kusini mwa Ziwa Baringo waliishi Il Chamus, ambao wenye misafara waliwaita Njemps, na hao walikuwa wakilima kwa kumwagilia maji ya mto. Katika nchi ambayo unaweza kutembea siku nyingi bila kuona shamba, mahali penye nafaka ni kama bandari. Misafara ilitulia hapo, ikapumzika, ikanunua chakula, na ndipo ikaendelea. Kiongozi mmoja aliyezijua njia hizi alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani. Mwaka 1883 alisafiri pamoja na Mskochi Joseph Thomson, yule ambaye vitabu vyetu vya shule vilimpa sifa ya "kugundua" nchi ambayo Jumbe alikuwa akiipita kwa biashara zake. Miaka michache baadaye aliandamana pia na msafara wa Teleki, uliofika hadi Ziwa Turkana.

Halafu akaja Askofu James Hannington. Mwezi wa Julai 1885 aliondoka pwani na msafara mkubwa wa wapagazi, akiwa na William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akalelewa na misheni na kuwa mhudumu wa kanisa huko Rabai. Hannington alitaka kufika Buganda kwa njia fupi, kupitia nchi ya Wamaasai, badala ya ile ya kuzunguka kusini mwa Ziwa Viktoria. Alipita katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, akafika hadi Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias. Hapo alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu wapatao 50. Kwa Kabaka Mwanga, mgeni anayeingilia mlango wa mashariki alikuwa tishio. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa huko Busoga, na karibu wapagazi wake wote pamoja naye. Jones ndiye aliyerudisha waliobaki hadi pwani.

Kanisa likampata shahidi. Wazungu waliochora ramani wakalipa ziwa jina lake: Lake Hannington. Wale wapagazi hawakupewa hata kijito.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mtu aliyepita hapa akielekea kwingine, kwa siku chache, jina lake lilikaa kwenye maji haya kwa zaidi ya miaka themanini. Si kosa lake, marehemu hakuomba. Lakini jina kwenye ramani hufanya kazi polepole. Mtoto anayejifunza kwamba ziwa ni la Hannington hatauliza kwamba kabla yake lilikuwa la nani. Mimi sikuuliza, na wakati wangu jina lilikuwa limeshabadilishwa.

*

Sasa tufike 1973.

Uhuru ulikuwa na miaka kumi. Nchi ilikuwa imeanza kuona kwamba wanyama na mandhari ni pesa, na kwa kweli pesa zile zilihitajika. Ardhi kubwa ya wafugaji wakati huo iliitwa ardhi ya amana: baraza la wilaya liliishikilia kwa niaba ya wakazi. Kwa niaba. Maneno hayo mawili ndiyo mlango ambao mengi yalipitia. Mwaka 1973 serikali ilitangaza rasmi kuanzishwa kwa hifadhi ya wanyama kuzunguka ziwa, na tangazo hilo bado lilitumia jina la askofu. Mwaka uliofuata, 1974, likatolewa tangazo la pili. Safari hii hifadhi ikaitwa Bogoria.

Tazama mpangilio huo. Jina la kienyeji lilirudi, na wenyeji wakaondoka. Uhuru ulifuta jina la Mzungu kwenye ramani na kwa mkono ule ule ukawaambia Waendorois kwamba mahali pao si pao tena.

Mzee alikuwa mvulana wa kuchunga ndama wakati huo. Kumbukumbu yake haina tarehe wala namba za tangazo.

"Walikuja na gari. Wakaita wazee chini ya mti. Wakasema hii mahali sasa ni ya wanyama."

"Wazee walisema nini?"

"Walisema ni sawa, wanyama wakuje. Si walikuwa hapa na sisi siku zote? Hawakujua wanaambiwa wao watoke."

Haya ya mwisho nimeyarudia mara nyingi kichwani. Tandala wakubwa, wale wenye pembe za kujisokota, walikuwa wakiishi kwenye mteremko ule pamoja na ng'ombe wa Waendorois tangu zamani. Kama wangekuwa adui, tusingewakuta wa kuwahifadhi.

Waendorois waliiambia baadaye Tume ya Afrika kwamba waliahidiwa mambo kadhaa: mashamba mazuri mahali pengine, robo ya mapato ya utalii, kazi nyingi katika hifadhi, majosho ya mifugo na mabwawa ya maji safi. Kilichokuja kilikuja mwaka 1986, miaka kumi na mitatu baadaye. Kati ya familia 400 zilizotambuliwa kwamba zilihamishwa, familia 170 zilipewa takriban shilingi 3,150 kila moja. Zidisha mwenyewe. Ni shilingi 535,500 kwa ziwa, chemchemi 200, chumvi ya ng'ombe, dawa, na makaburi ya wote waliotangulia.

Walihamia juu na pembeni, kwenye ardhi kavu zaidi. Ng'ombe waliozoea kulamba chumvi ya ziwa wakakosa chumvi. Wengi wakafa. Kwa mfugaji, hapo umeshamaliza kila kitu: mahari, karo, maziwa ya watoto, heshima ya kusimama mbele za watu.

*

Ningependa kuwa na haki hapa. Walioweka hifadhi hawakuwa wote watu wabaya. Bila ulinzi, pengine ukingo ule ungekuwa umejaa hoteli leo, na flamingo wangekuwa picha kwenye kalenda. Serikali ilijitetea kwamba inahifadhi mali ya Wakenya wote. Mimi, mtoto wa darasa la saba na yai langu, ndiye niliyekuwa huyo Mkenya wa wote. Niliingia kwa sababu wengine walitolewa. Hilo siwezi kulikwepa, na silitaji ili nionekane mwema.

Ila swali la Waendorois halikuwa kama ziwa lihifadhiwe au lisihifadhiwe. Swali lao lilikuwa: kwa nini kuhifadhi kulihitaji kutufukuza?

Walilipeleka swali hilo mahakamani Nakuru. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ikalitupa. Wakaamua kuvuka mipaka. Mwaka 2003, baraza la jamii yao pamoja na mashirika ya kutetea haki za jamii ndogo lilipeleka shauri kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Banjul, Gambia. Serikali ya Kenya ilipinga, pamoja na mengine, hata kwamba Waendorois ni jamii inayojitegemea. Ilisema hao ni Watugen tu. Yaani kabla ya kubishania ardhi, watu walilazimika kwanza kuthibitisha kwamba wapo.

Uamuzi ulifikiwa Novemba 2009, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha Februari 2010. Tume ilisema Kenya ilivunja haki zao za dini, za mali, za utamaduni, za kunufaika na rasilimali zao, na haki ya maendeleo. Hiyo ya mwisho ilikuwa mara ya kwanza kwa Tume kuitolea hukumu namna hiyo. Mantiki yake ni rahisi na mtu yeyote wa kijijini angeielewa: maendeleo ambayo huna sauti ndani yake, na ambayo yanakuacha maskini kuliko ulivyokuwa, si maendeleo yako. Tume ikaagiza warudishiwe ardhi ya mababu, waruhusiwe kufika ziwani kwa ibada na malisho, walipwe fidia na mrabaha.

Ndani ya mwaka huo huo Wakenya tukapitisha katiba mpya, iliyotambua ardhi ya jamii. Ungedhani mambo yamenyooka. Mwaka 2011 UNESCO ikaliandika Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, katika orodha ya urithi wa dunia. Waendorois wakalalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na Tume ile ile ikatoa azimio la kuwaunga mkono. Mwaka 2014 serikali ikaunda jopo la kushughulikia uamuzi wa 2010. Hadi leo hukumu haijatekelezwa kikamilifu, na ardhi haijarudi kwa njia ambayo hukumu ilitaka. Ziwa limekuwa urithi wa dunia. Kuwa urithi wa mtu fulani ndiko kumeshindikana.

*

Kuna kisa kingine kidogo ambacho hukipati kwenye vitabu vya jiografia. Ndani ya maji haya ya magadi na joto huishi bakteria wa ajabu, walioumbwa kuvumilia kisichovumilika. Wanasayansi wa kigeni walichukua sampuli kutoka maziwa ya magadi ya Kenya, na kutokana na viumbe hao wakapatikana vimeng'enya vya kutumika viwandani: kwenye sabuni za kufulia, na katika kuzipa jeans ile sura ya kupauka kana kwamba umezivaa miaka kumi. Mzozo ukazuka kuhusu nani alipewa ruhusa na nani, na faida iliishia wapi. Baadaye kampuni moja ya Denmark ililipa mrabaha kwa bidhaa iliyotokana na kiumbe wa Bogoria, na sehemu ya pesa hizo ikafika kwa jamii ya Waendorois mwaka 2014.

Nilimuuliza mzee kama alisikia habari hizo. Aliitazama suruali yangu. Ilikuwa jeans, imepauka magotini, niliinunua hivyo hivyo.

"Kwa hivyo hii ni ya kwetu," alisema, akaipiga kwa fimbo polepole.

Tulicheka. Lakini niliona haya pia.

*

Tangu miaka ya 2010 kuanza, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Baringo, Naivasha, Nakuru, Turkana, Bogoria, yote. Mvua nyingi kwenye nyanda za juu ndiyo sababu kubwa inayotajwa, ikisaidiwa na misitu iliyokatwa na udongo unaoporomoka kuziba ziwa. Bogoria limemeza barabara ya kandokando, limemeza lango la zamani la hifadhi, limemeza Loburu yangu na mwamba niliokula yai juu yake. Familia nyingi za ukingoni zimehama, nyingine zikiwa na wazee wale wale waliohamishwa wakiwa watoto. Palikuwa hata na hofu kwamba Bogoria na Baringo yatakutana, magadi yaingie kwenye maji ya samaki.

Tulisimama pale ambapo barabara inaingia ziwani na kupotea. Unaona lami, halafu unaona lami chini ya maji, halafu maji tu. Vigogo vya migunga iliyokufa vilisimama ndani ya ziwa, vyeupe kwa chumvi. Kwa mbali flamingo, si wengi.

"Hii ziwa ilimeza watu ya kwanza kwa sababu walisahau," mzee alisema. "Sasa imemeza gate."

"Unafikiri ni Mungu?"

Alifikiri kwa muda. "Mungu hana haja na gate. Lakini mimi nilifurahi kidogo." Kisha akaongeza, "Na tena sikufurahi. Boma ya baba ilikuwa juu ya gate kidogo. Imeenda pia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwa miaka yote ya kesi, ardhi waliyokuwa wakiidai ilikuwa pale, unaweza kuielekeza kwa kidole. Sasa sehemu yake iko chini ya maji. Hata hukumu ikitekelezwa kesho asubuhi, kuna viwanja ambavyo hakuna wa kuvirudisha. Haki iliyocheleweshwa tumeizoea kwenye methali na hotuba. Hapa unaiona ikizama.

*

Tulipata chemchemi moja ndogo iliyobaki ukingoni, mbali na pale Loburu ilipokuwa. Haikuruka. Ilitokota tu, kidimbwi cha ukubwa wa karai, mvuke ukitupiga usoni. Nilitoa mayai yangu mawili. Mzee aliokota mkebe wa maziwa uliotobolewa matundu, akaufunga kwa waya kwenye fimbo yake. Ilionekana si mara ya kwanza. Aliuteremsha mkebe polepole, akihakikisha miguu yake iko juu ya jiwe na si juu ya peupe.

Wakati tukingoja, aliomba kuona risiti yangu ya kuingilia. Nikampa. Akaisoma kwa muda mrefu, akiishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee wasio na miwani, akafuata tarakimu kwa kidole.

"Hii pesa, wanasemanga inaenda wapi?"

"Sijui, mzee."

"Hata mimi."

Aliikunja vizuri, akanirudishia. Mayai yalikuwa tayari. Alimenya la kwake haraka bila kuungua, mimi nikawa narusha langu mkono huu hadi huu. Nilipotaka kutupa maganda majini alinizuia, akayapokea, akayatia kwenye mfuko wa koti lake pamoja na ya kwake.

"Hapo kuna watu," alisema.